Mafuta Meupe ya Juu

Kiminini, 9 Januari 2024

Kwako dada yangu Nabalayo,

Natumaini karatasi hii itakukuta umeketi, si umelala. Sisi huku tu wazima. Mahindi yamekauka vizuri na tumeshayaingiza ghalani, ng'ombe yule mwekundu amezaa, na wajukuu wamerudi shule wakilia kama kawaida yao. Masikio yangu ndiyo yamekwisha kabisa. Ulipopiga simu Krismasi nilisikia mvumo tu, kama karai lililopata moto, nikajibu "asante, na wewe pia" bila kujua umesema nini. Kwa hivyo tuandikiane kama zamani. Barua nitaiacha kwenye ofisi ya vifurushi ya magari ya Nakuru, na jirani yako Mburu akuchukulie huko mjini.

Sasa nina kesi, na wewe ndiwe hakimu. Kibanda changu cha mandazi hapa sokoni nimemwachia Fancy, mke wa mwanangu Quincy. Mtoto mzuri, mchapa kazi, lakini anajua mambo mengi. Wiki jana nimemkuta amejaza karai mafuta ya maji. Nikamuuliza, "Mkebe wangu wa mafuta ya kuganda uko wapi?"

Akasema, "Mathe, hiyo mafuta ngumu ni ya kitambo. Iko na kolestro."

Nikamwambia, "Huyo Kolestro ni nani, na amewahi kununua mandazi hapa?"

Watu wa benchi walicheka mpaka chai ikamwagika, lakini Fancy hakukubali. Mandazi yake yakipoa yanalowesha gazeti mpaka unaona kidole chako upande wa pili. Wateja wa kula hapa hapa wanayasifu. Wale wa kubeba kwenda shambani wameanza kununa.

Wewe umefundisha sayansi kimu miaka thelathini na miwili. Ni yapi bora, ya kuganda au ya maji? Andika kwa herufi zinazosomeka, maana nitamsomea mbele ya watu.

Mdogo wako,
Nakhumicha


Lanet, 27 Januari 2024

Nakhumicha, mwana wa mama,

Barua yako imenikuta nimeketi kama ulivyotaka, ingawa kuketi kwenyewe siku hizi ni kazi. Daktari anasema moyo umepanuka. Ikifika saa nane mchana miguu inajaa maji, na vidonge ninavyomeza ni vingi kuliko chakula. Mburu ananiletea maziwa kila asubuhi, na mkewe Wachuka ananifulia na kunisimulia habari za mtaa nisizoziuliza. Sina la kulalamikia ila baridi.

Kuhusu kesi yako, hakimu anasema nyote wawili mna haki, jambo ambalo halitampendeza yeyote. Mandazi yanayoliwa yakiwa moto yakaangwe kwa mafuta ya maji. Ni mepesi mdomoni, na kwa mtu mwenye moyo kama wangu ni salama zaidi. Mandazi ya kubebwa yanataka mafuta ya kuganda, kwa sababu andazi likipoa, mafuta nayo yanaganda ndani yake na hayatoki tena. Ubaya wake ni kwamba asubuhi ya baridi yanaacha utando kwenye kaakaa. Mwanafunzi wangu wa zamani, Cherop, anayeuza chipsi mtaani Rhonda, hataki hata kuuona mkebe. Wateja wake wanakula wamesimama. Mama alijua haya yote bila kusomea popote. Ya kuganda kwa mandazi, ya maji kwa samaki, na makarai mawili yasiyoazimana.

Shuleni mimi nilifundisha kwa mafuta ya maji peke yake. Wasichana wakiniuliza sababu, niliwaambia ni afya.

Basi Fancy achague apendalo. Ila ASICHANGANYE aina mbili katika karai moja.

Nikuulize jambo, nawe una ruhusa ya kutolijibu. Siku tulipomzika Mama kule Chwele, mwaka wa sabini na nne, ulisimama langoni na hukuja kutupa udongo kaburini. Wazee walinong'ona. Mimi sikukuuliza siku ile, na sikukuuliza miaka yote iliyofuata. Nauliza sasa kwa sababu sina hakika nitaweza kuuliza mwakani.

Wako,
Nabalayo


Kiminini, 20 Februari 2024

Dada yangu Mwalimu,

Salamu kutoka kwa wote, na Fancy anakuita "jaji". Amesikia hukumu yako mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama mzee wa kanisa, na kesho yake nikamkuta anachanganya nusu kwa nusu. "Mathe, hivi sisi wote tumeshinda." Nikamwambia Mwalimu amekataza. Akaniuliza sababu. Hata mimi nashangaa. Neno hilo moja umeliandika kwa herufi kubwa, ukalipigia mistari miwili mpaka kalamu imetoboa karatasi. Kuna nini? Mandazi ya nusu kwa nusu si mabaya hivyo.

Hilo la udongo liache. Mama alijua sababu na mimi najua.

Lakini la moyo wako silo la kuacha. Quincy ameniambia moyo ukipanuka si mchezo. Nimeamua. Nitakuja Pasaka, nikae mwezi mzima. Unajua kwamba sijawahi kulala kwako hata siku moja? Nimezeeka bila kukijua kiti unachokalia. Nikifikiria Nakuru naona zile nyumba za reli tu, na blanketi letu moja, na wewe ukivuta upande wako ukisoma kitabu kwa sauti, na mimi nikikuuliza "halafu?" hata kabla sentensi haijaisha. Tangu hapo hakuna aliyenisomea kitu. Sasa hata akinisomea sitasikia, lakini nitaangalia mdomo wako.

Nitakuosha miguu kwa maji ya chumvi. Mwambie Wachuka kazi yake imepata mwenyewe.

Mdogo wako,
Nakhumicha


Lanet, 8 Machi 2024

Mdogo wangu Nakhumicha,

Pokea salamu zangu zote, na usimsomee mtu barua hii. Huku mvua bado. Wachuka amepata mjukuu. Mimi nimepunguziwa chumvi na kuongezewa vidonge, na daktari ameacha kuniambia "mwakani".

Umeandika kwamba utakuja Pasaka. Sentensi hiyo nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Nimeagiza kitanda chako kiwekwe karibu na dirisha. Ningeweza kunyamaza, ukaja, ukaniosha miguu, nikafa nikiwa nimepata nilichokitamani miaka yote. Huo ungekuwa wizi wa pili. Soma kwanza, ndipo uamue kama utasafiri.

Ilikuwa Julai ya mwaka wa sitini na sita. Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na Mama upande mmoja wa mwili ulikuwa umelegea. Ilikuwa lazima mtu abaki wa kumwinua, kumwosha, na kukaanga mandazi ya watu wa reli. Mimi nilikuwa na barua ya kuitwa chuo cha ualimu, nimeikunja ndani ya Biblia. Wewe ulikuwa umeitwa na ile hoteli ya mjini kujaribiwa jikoni, na msichana ambaye angefaulu angepelekwa Nairobi kufunzwa upishi. Mama akatuita kitandani pake akasema, "Nakhumicha akifaulu ataenda yeye. Nabalayo atangoja." Angoje mpaka lini, hakusema. Nikajibu, "Sawa, Mama." Wewe ulicheza chumba kizima na mwiko mkononi, ukaniambia, "Nikiwa mpishi mkuu utakuja kula bila kupanga foleni!"

Utakumbuka kwamba mpishi wa hoteli alitaka kila msichana aje na mafuta yake, ili aone mtu anachagua nini. Ulichagua mkebe wa mafuta ya kuganda, kama Mama. Jumamosi asubuhi uliufungua, ukachota kijiko kimoja cha kujaribia unga, ukaufunika. Alasiri ukaenda mazoezi ya kwaya. Mama alikuwa amelala.

Niliufungua mkebe. Nikatoa mafuta meupe ya juu, kina cha vidole vitatu, nikayaweka kwenye bakuli. Yaliyobaki nikayayeyusha, nikamwaga nusu, na mahali pake nikatia mafuta ya maji tuliyokuwa tumekaangia samaki wiki nzima. Nikayarudisha mkebeni, nikauweka nje ya dirisha. Unaijua baridi ya Nakuru ya Julai. Jua lilipokuwa linashuka yalikuwa yameshaganda, laini kidogo, yenye rangi ya manjano. Nikapaka yale meupe juu yake, nikayasawazisha kwa kisu, nikabonyeza hata alama ya kijiko chako pale pale ilipokuwa. Uliporudi ulifungua, ukanusa, ukafunika. Ulitabasamu.

Kwa mafuta ya maji jambo hilo haliwezekani. Chupa unaiona mpaka chini. Hiyo ndiyo afya niliyowafundisha wasichana miaka thelathini na miwili.

Jumatatu ulirudi kabla ya saa nne. Hukulia. Ulisema tu kwamba mpishi alinusa andazi moja, akaliweka chini, akakwambia, "Binti, hapa hatukaangi omena," na wenzako wakacheka. Nikakushika bega. Nilikushika bega kwa mkono ule ule, Nakhumicha. Septemba nikaenda chuoni.

Niliwaza kwamba ungejaribu tena mwaka uliofuata. Niliwaza kwamba wewe ulikuwa na mikono ya kazi popote, na mimi nilikuwa na barua ile moja tu. Niliwaza mengi, na yote yalikuwa ya kunifaa. Mwaka uliofuata ukaolewa na Nicodemus, ukaondoka bila kumuaga Mama. Alibaki na msichana wa kazi. Kila nilipokuja likizo aliniuliza, "Nakhumicha amekasirishwa na nini?" Nikamjibu, "Sijui, Mama." Aliniuliza hivyo miaka saba, na mara ya mwisho ilikuwa wiki aliyokufa.

Nimeandika barua hii mara nne katika maisha yangu. Tatu nilizichoma jikoni.

Sitakuomba unisamehe kwa karatasi. Nakuomba uje. Lakini sasa unajua unakuja kwa nani.

Nabalayo


Lanet, 14 Aprili 2024

Nakhumicha,

Mburu ameuliza kwenye ofisi ya vifurushi. Barua yangu ilichukuliwa tarehe kumi na tatu Machi, na sahihi ni yako, ile N yenye mkia.

Pasaka imepita. Mvua sasa imeanza kwa nguvu, na barabara ya hapa kwetu imekuwa mto. Wachuka alikuwa ametandika kitanda cha dirishani. Juzi aliniuliza kama akitandue, nikamwambia akiache.

Sikuulizi kitu. Nimeandika ili ujue bado nipo.

N.


Kiminini, 19 Mei 2024

Nabalayo,

Huku tu wazima. Mvua ni nyingi, tumeshapanda, na Fancy ana mimba ya tatu.

Barua yako ya Machi nilipewa sokoni. Nikadhani umejibu habari ya kuchanganya, na kwa furaha nikaanza kuisoma kwa sauti pale kibandani. Ulikuwa umeniambia nisimsomee mtu, nikadhani ni mzaha wako wa ualimu. Nilipofika kwenye vidole vitatu nikaishusha karatasi. Fancy akasema, "Mathe, endelea basi, imefika patamu." Nikaikunja nikaenda nyumbani. Tangu siku hiyo hajaniuliza kitu, na mafuta hachanganyi.

Miezi miwili sijashika kalamu. Sasa nitakwambia usilolijua.

Mafuta yalipopata moto pale hotelini, mimi nilinusa kabla ya yule mpishi. Nilijua ni mafuta ya samaki, tena ya kwetu, maana Mama alitia kitunguu saumu na hakuna mwingine kwenye nyumba za reli aliyetia. Nilijua pale pale kwamba kuna mtu ametia mkono. Na nilijua ni nani. Wiki hiyo Mama alikuwa ameniambia, "Ukienda wewe, nani ataniinua?" Mkebe ulikaa karibu na kitanda chake. Ule mkono wake mmoja mzima ulikuwa na nguvu kuliko yangu miwili. Wewe hukuniingia akilini hata kidogo. Mama alikuwa amekuambia ungoje, ukasema sawa. Wewe ulikuwa dada yangu uliyenishika bega.

Basi nikamwadhibu Mama. Mwaka mzima nilimwinua, nikamwosha, nikamlisha, na sikumwambia neno ila lile la lazima. "Geuka." "Kunywa." Aliniuliza nini kimetokea. Nikamjibu, "Wewe unajua." Alilia, nami nikasema moyoni, analia kwa sababu anajua. Nikaolewa nikaondoka. Alituma watu mara tatu kuniita, nikawaambia nina kazi. Watoto wangu hakuwaona. Pale Chwele nilisimama langoni kwa sababu sikutaka udongo wangu umfunike mtu aliyenifunika mimi.

Karibu miaka sitini nimemkasirikia mwanamke asiye na kosa. Na wewe ulikuwa unamjibu "sijui."

Chuo kichukue, Nabalayo. Hoteli nayo ichukue. Nicodemus alikuwa mtu mzuri, na karai langu limesomesha watoto watano. Hayo ningeyamaliza nawe kwa kikombe kimoja cha chai. Lakini Mama alikuwa wangu pia.

Jumapili iliyopita Quincy alinipeleka Chwele. Kaburi limezama na nyasi zimefika magotini. Nilipiga magoti, na kuinuka kulihitaji watu wawili. Nimetupa udongo. Nimemwambia Mama kila kitu, kwa sauti, maana sijui tena sauti yangu ni kubwa kiasi gani. Quincy anasema walionisikia ni mpaka wa ng'ambo ya mto. Na wewe nimekutaja jina. Usidhani nilikuficha.

Nitakuja Jumanne, tarehe ishirini na nane. Sijakusamehe. Sijui kama hilo litakuja, na sitalilazimisha ili wewe upumzike vizuri. Nitakaa siku tatu. Ya kwanza sitasema nawe. Nitakuosha na kukulisha kimya, kama nilivyomfanyia Mama, ili ujue ladha yake. Ya pili nitakugombeza mpaka nichoke. Ya tatu sijui.

Kwa hivyo usinifie siku ya kwanza.

Nakhumicha


Lanet, 24 Mei 2024

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana, na hii Mburu anaipeleka mjini leo hii ili ikukute kabla hujaondoka. Mwandiko utauona ulivyo. Sasa nalala zaidi ya kuketi, na kalamu inateleza. Wachuka anasema nile uji. Nimekula vijiko vinne ili anyamaze.

Sikujua ulidhani ni Mama. Nilidhani umekasirika kwa kuachwa nyuma, na kwamba siku moja hasira ingekwisha yenyewe bila mimi kufungua mdomo. Swali la Mama lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limekaa kwangu, kwenye kiti kando ya kitanda chake, likila chakula chake. Nimelia, lakini sitaki machozi hayo uyahesabu. Yamechelewa kama mwenyewe.

Asante kwa kunitaja kwake. Mimi nimekwenda Chwele mara nyingi kukata nyasi, mpaka miguu ilipokataa, na sikuthubutu kusema lolote.

Nimewaza pia jinsi utakavyonigombeza na hali husikii. Wewe utasema, mimi nitajibu, na jibu langu halitakufikia. Naona ndivyo inavyofaa. Nilijitetea peke yangu miaka mingi na kila mara nilishinda.

Mburu atakungoja stendi saa tisa. Atashika karatasi yenye jina lako ingawa nimemwambia atakutambua, kwa kuwa tunafanana kwa uso wa Mama.

Daktari alipita asubuhi. Nilimuuliza kuhusu Jumanne. Akaitazama miguu yangu, akamtazama Wachuka, kisha akasema, "Mwalimu, tuombe." Ni kijana mpole, hajui kudanganya.

Siku zako tatu nimezipokea zote, na nastahili kuzipata kwa mpangilio huo huo ulioupanga. Lakini sauti yako ya kweli, ile iliyokuwa ikiniuliza "halafu?" kabla sentensi haijaisha, sijaisikia tangu ile Jumatatu uliporudi kutoka hotelini. Nimeitamani kuliko nilivyotamani chuo.

Kama unaweza, Nakhumicha, anza na ile siku ya pili.

Dada yako,
Nabalayo